Kufa kwa Samaki katika Ziwa Victoria: Ni Sumu, Ni Upepo, au Ni Rutuba?

Kila samaki wanapoonekana kwa wingi wakielea matumbo juu katika Ziwa Victoria au katika mito inayolimiminikia, hazipiti siku nyingi kabla ya kauli tatu zinazopingana kuenea miongoni mwa watu: huyu asema maji yametiwa sumu, yule ashikilia kwamba ni mambo ya maumbile yasiyokuwa na mkosaji, na mwingine awalaumu wakulima, wafugaji na wakazi wa miji kwa taka wanazoziachilia majini. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikufa upande wa Uganda, na serikali ya nchi hiyo ikaeleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini baada ya dhoruba. Mwezi wa Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka rangi na kunuka, samaki wakafa, na kamati iliyoundwa na serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, ilhali watu wengi walikuwa wamekwisha kuishuku migodi na hawakuridhika na jawabu hilo. Kabla ya mwaka huo kwisha, wafugaji wa samaki wa vizimba katika Ghuba ya Winam, Kenya, walipata hasara kubwa, na wataalamu wakasema kwamba maji ya chini yasiyokuwa na oksijeni yalipanda juu.

Kadhia hizi, zilizotokea katika nchi tatu kwa muda wa takriban miaka miwili, zimewaachia watu maswali mawili: ni kitu gani hasa kinachowaua samaki, na je, samaki aliyesalimika ni mzima na afaa kuliwa? Makala haya yakusudia kueleza asili ya jambo hili, kuzipa kauli zote tatu haki yake, kisha kuzipima kwa insafu. Kwani maadamu hatujapambanua baina ya asili ya maradhi na kichocheo chake, kila tiba itakayopendekezwa itakuwa ya kubahatisha.

Ziwa na mageuzi yake

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, nalo limegawanyika baina ya Tanzania, Uganda na Kenya, hii ya mwisho ikiwa na fungu dogo la kiasi cha asilimia 6. Juu ya upana huo wote, kina chake ni kidogo: wastani wake ni takriban mita 40, na hata pale penye kina kirefu kabisa hapazidi sana mita 80. Maji yake mengi huingia kwa mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mengi hutoka kwa kugeuka mvuke, ilhali fungu dogo tu ndilo lishikalo njia ya Mto Nile pale Jinja. Na kwa kuwa mvuke hauchukui fosforasi wala madini, kile kinachoingia ziwani aghalabu hubaki humo, kikajilimbikiza katika tope la chini mwaka baada ya mwaka.

Habari za hali ya zamani tunazo. Mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, wakati maji yake yalipokuwa angavu kuliko yalivyo leo; J. F. Talling aliyapima katika miaka ya 1960 na 1961, akakuta kwamba maji ya kina kirefu yalikuwa na oksijeni kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini R. E. Hecky na wenzake walipoyapima tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuta kwamba sehemu kubwa ya maji ya chini hukosa oksijeni kwa miezi kadhaa ya kila mwaka, na kwamba mwani ulikuwa umeongezeka mara nyingi. Matabaka ya tope yaliyochimbuliwa kutoka sakafu ya ziwa, ambayo husomwa na wataalamu kwa mpango wa miaka, yabainisha kwamba mageuzi haya yalianza tangu miaka ya 1920 na 1930, sambamba na kukatwa kwa misitu, kupanuka kwa mashamba na kuongezeka kwa watu katika nchi zinazolizunguka ziwa.

Juu ya mageuzi hayo ya maji yaliongezeka mageuzi ya viumbe. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka kwa ghafla katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu, jamii iliyokuwa na aina zipatazo mia tano, zikatoweka; kisha, kuelekea mwisho wa miaka hiyo, yakafika magugu maji, ambayo mwaka 1998 yalifunika eneo la takriban hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam peke yake. Kwa hiyo mtu anayeuliza habari ya afya ya samaki wa leo auliza habari ya viumbe wanaoishi katika ziwa lililokwisha kugeuzwa mara tatu katika umri wa mtu mmoja.

Namna maji machafu yanavyomdhuru samaki

Samaki huvuta pumzi kwa matamvua, na riziki yake ya oksijeni ni finyu tangu asili. Maji ya joto la nyuzi 25, hata yakiwa safi, hayashiki zaidi ya takriban miligramu 8 za oksijeni katika lita moja, ilhali hewa ya ujazo uo huo ina zaidi ya mara thelathini ya kiasi hicho. Lakini samaki hawako sawa katika ustahimilivu: sangara ni mwepesi wa kudhoofika oksijeni inapopungua, sato huvumilia zaidi, na kambale na kamongo waweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji, wakaishi mahali ambapo wengine hawawezi kukaa hata saa moja.

Mwani unapozidi, mchana hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, lakini usiku huitumia, na unapokufa na kuoza vijidudu vinavyouozesha huitumia zaidi. Ndiyo maana hatari huwa kubwa kabla ya mapambazuko. Fauka ya hayo, mwani mwingi huyafanya maji ya alasiri yawe na hali ya magadi, na katika maji ya namna hiyo amonia, ambayo samaki huitoa mwilini kupitia matamvua, hugeuka kuwa sumu kali na kumrudi mwenyewe. Baadhi ya aina za mwani zinazostawi katika ghuba zenye rutuba nyingi, na Ghuba ya Winam ni mojawapo, hutengeneza sumu zao wenyewe zenye kudhuru ini.

Ajabu ni kwamba madhara makubwa hayaonekani na mpitaji. Samaki anayeishi kwa oksijeni haba hupoteza hamu ya kula, hukua polepole, hutaga mayai machache, na kinga ya mwili wake hupungua hata maradhi ya bakteria ambayo angeyashinda humlemea. Udongo uletwao na mito huziba matamvua na kufunika mayai katika mazalio. Hata ndoa za samaki zimeingiliwa: Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997, kwa uchunguzi uliofanywa kusini mwa ziwa, kwamba furu wa kike huchagua madume kwa rangi zao, na kwamba maji yanapotibuka rangi hizo hazionekani, aina zikachanganyika na mpaka baina yao ukafutika. Hapana mzoga uliozolewa ufuoni kwa sababu hiyo, walakini ni hasara isiyoweza kurudishwa.

Kauli ya kwanza: samaki wanauawa na sumu

Wanaoshika rai hii wana hoja zisizostahili kudharauliwa. Kandokando ya ziwa na mito yake mna viwanda vya ngozi, sukari, nguo na pombe. Mna mashamba yanayopigwa dawa za kuulia wadudu. Na katika mkoa wa Geita, Tanzania, na kwingineko wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Tena si dhana tupu kwamba sumu iliwahi kutiwa majini kwa makusudi: mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili wasiingie katika masoko yake, baada ya kuthibitika kwamba wako wavuvi waliotumia dawa za wadudu kuwavulia samaki, na viwanda vya minofu vya nchi zote tatu vikapata msukosuko mkubwa.

Nguvu nyingine ya kauli hii ni ya kiadilifu. Sumu ina mwenyewe, na mwenyewe aweza kuulizwa, kutozwa faini na kulazimishwa kulipa fidia. Kwa hiyo mvuvi aliyepoteza riziki yake huona katika kauli hii njia ya kupata haki.

Nakisi yake ni kwamba hailingani na vifo vingi vilivyoonekana. Sumu kali inapoingia majini aghalabu haichagui: huua wakubwa kwa wadogo, na wadudu wa majini pamoja nao, ilhali mahali ambapo sangara wakubwa ndio wanaokufa na kambale akabaki hai, dalili ni ya kukosa pumzi. Kuhusu zebaki, vipimo vingi vilivyofanywa kwa samaki wa kusini mwa ziwa vimekuta kiasi kilicho chini ya mpaka wa miligramu 0.5 kwa kilo unaotumiwa katika biashara ya samaki, ingawa sangara wakubwa huwa na zaidi kuliko wadogo, kwa kuwa zebaki hupanda kutoka kwa aliyeliwa kwenda kwa mlaji na kujikusanya kwa miaka. Hata hivyo tusiivuke haki ya kauli hii: dawa nyingine za mashambani huvunjika upesi, na maji ya mto hupita, kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa siku kadhaa baada ya tukio, ikikosa sumu, haithibitishi kwamba sumu haikuwapo.

Kauli ya pili: ni upepo na maumbile

Kauli hii husikika mara nyingi kutoka kwa maofisa, nayo ina msingi wa elimu. Kwa miezi mingi maji ya ziwa hujipanga matabaka, ya juu yakiwa na joto na mepesi, ya chini yakiwa baridi kidogo na mazito, na yale ya chini, yasipokutana na hewa, hupungukiwa na oksijeni. Pepo za kusi zivumapo kwa nguvu katika Juni na Julai huyachanganya matabaka hayo hata ziwa lote likapumua. Lakini dhoruba ya ghafla katika msimu mwingine yaweza kuyainua maji ya chini kwa mkupuo mmoja, na samaki waliomo njiani, hasa waliofungiwa vizimbani wasiokuwa na pa kukimbilia, wakafa kwa saa chache.

Mto Mara nao watoa ushahidi wa ajabu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulieleza kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya hujaza madimbwi kwa kinyesi wakati wa kiangazi, na mvua za kwanza zinapoyasukuma maji hayo yaliyooza, oksijeni hutoweka mtoni na samaki hufa chini ya mto. Kwa hakika, basi, vifo vya samaki vyaweza kutokea mahali ambapo hapana kiwanda wala bomba.

Lakini udhaifu wa kauli hii umo katika kile inachokinyamazia. Dhoruba zilikuwako pia katika zama za Graham na za Talling. Kilichokuwa tofauti ni maji ambayo dhoruba huyainua. Upepo ukiinua maji yenye oksijeni hauui samaki. Ukiinua maji yaliyokufa, huua. Na mkondo wa hoja ya viboko, ukifuatwa mpaka mwisho wake, haumwondolei binadamu lawama: ikiwa kinyesi cha wanyama elfu chache wa mwituni chatosha kuukaba mto, seuze mifugo mingi, na miji inayomwaga maji taka yake bila ya kuyasafisha!

Kauli ya tatu: ni rutuba iliyopita kiasi

Wataalamu wengi wa maziwa huegemea rai ya tatu, kwamba ziwa limeshibishwa kupita haja yake. Fosforasi na naitrojeni zitokazo katika mbolea, udongo uliomomonyoka, vyoo, sabuni na kinyesi cha mifugo hulisha mwani, nao mwani huzaa yote tuliyoyataja. Jambo linaloitilia nguvu kauli hii ni kwamba yaeleza kwa pamoja kupotea kwa oksijeni ya chini, kutibuka kwa maji, kustawi kwa magugu maji na sumu za mwani, ilhali kila moja ya kauli nyingine yaeleza sehemu moja tu.

Walakini nayo ina mushkili wake. Kwanza, rutuba haikuwa laana tupu: wako wachunguzi wanaosema kwamba kushiba kwa ziwa ndiko kulikosaidia kuzaa mavuno makubwa ya sangara na dagaa, ambayo kwa jumla yamefikia takriban tani milioni moja kwa mwaka, na ziwa likirudishwa katika ufukara wake wa kale huenda wavuvi wakaambulia kidogo kuliko leo. Pili, fosforasi nyingi haiingii kwa mabomba wala kwa mito, bali huanguka kutoka hewani pamoja na vumbi na majivu ya mbuga na mashamba yachomwayo moto; kwa hiyo hata viwanda vyote vikifungwa, ziwa lingeendelea kulishwa. Tatu, tope lililokosa oksijeni huirudisha majini fosforasi iliyozikwa humo, kwa hivyo maradhi hujilisha yenyewe hata kama chanzo cha nje kimezibwa. Nne, kosa la watu wote ni rahisi kugeuka kuwa kosa lisilokuwa na mtu, na hapo ndipo waharibifu wakubwa hupata mahali pa kujificha.

Kuzipima kauli

Tukizikusanya hoja hizi, yabainika kwamba kauli tatu hazijibu swali moja. Rutuba yajibu kwa nini ziwa limekuwa tayari kuua. Upepo na mvua vyajibu kwa nini liliua siku ile na si nyingine. Na sumu yajibu kwa nini, katika mahali maalumu na kwa muda maalumu, madhara yalipita hayo. Ni kama nyumba iliyojazwa kuni kavu: cheche ndiyo iliyoiwasha, lakini aliyezijaza kuni hawezi kuisingizia cheche moto wote. Anayesema "ni upepo" na kukomea hapo ametaja cheche peke yake. Anayesema "ni sumu" katika kila tukio huzipoteza nguvu za umma katika kumtafuta mkosaji mmoja, huku mitaro ya miji ikiendelea kutiririka bila ya kuulizwa. Na anayesema "ni rutuba" bila ya kutaja ni rutuba ya nani hutoa fatwa isiyoweza kutekelezwa.

Kuhusu mlaji, hukumu yataka utulivu. Samaki aliyekutwa amekufa asiliwe wala asiuzwe, kwa kuwa hata pale ambapo sababu ni kukosa pumzi, mzoga huoza upesi, na hapana ajuaye ufuoni kama palikuwa na sumu. Samaki aliyevuliwa hai katika maji ya wazi ni habari nyingine, na faida ya lishe yake haifai kutupwa kwa hofu isiyopimwa. Ila hapana sababu ya kujipumbaza, kwa kuwa uchunguzi wa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza ulikuta chembe za plastiki katika matumbo ya mmoja kati ya kila watano wa sangara na wa sato. Ziwa linaandika habari zetu katika miili ya samaki wake, na ni wajibu wetu kuzisoma mapema.

Tiba na gharama zake

Kila tiba ina bei yake, na asiyeitaja bei hiyo huwadanganya watu. Magugu maji yakipigwa dawa hufa kwa pamoja, yakazama na kuoza, yakala oksijeni ile ile iliyokusudiwa kuokolewa. Yakitolewa kwa mashine hutaka fedha kila mwaka. Na wadudu wanaoyala, ambao walisaidia sana kuyapunguza baada ya mwaka 1998, hufanya kazi polepole na hawayamalizi. Vizimba vya sato hupunguza shida ya samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi na huleta ajira, lakini chakula kisicholiwa na kinyesi huanguka chini yake, na vikisongamana katika ghuba isiyokuwa na mkondo hujitengenezea mauti. Basi suala lao kuu ni mahali na idadi, wala si kuruhusiwa au kukatazwa.

Mafunjo na matete ya kandokando huchuja maji kabla hayajafika ziwani. Pale Kampala, maji taka ya mji hupita katika bonde la Nakivubo kabla ya kuingia katika ghuba ambayo mji huo huo huteka maji yake ya kunywa, na kila eneo linalogeuzwa shamba au kiwanja hupunguza kichujio hicho. Lakini anayelima humo aghalabu ni maskini asiyekuwa na ardhi nyingine, na kumfukuza bila ya badala ni dhuluma. Mitambo ya kusafisha maji taka ni ghali, na serikali za miji huiahirisha kwa sababu mfereji hauonekani kama barabara ionekanavyo. Kupunguza moto wa mbuga kwagusa desturi ya wafugaji ya kutafuta majani mapya. Haya yote ni mambo ya kujadiliana, tena baina ya nchi tatu, na vyombo vya mashauriano vipo: Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoanzishwa kwa mkataba wa 1994 na lenye makao yake Jinja, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu.

Iko hata hivyo tiba moja isiyokuwa ghali kwa kadiri ya nyingine, nayo ni kupima oksijeni, rutuba na sumu katika ghuba na midomo ya mito kila wiki, mwaka mzima, na kuyatangaza majibu katika mialo kwa lugha wanayoielewa wavuvi. Kamati inayoundwa baada ya samaki kufa hufika wakati ushahidi umekwisha kwenda na maji, na hata ikisema kweli huaminiwa na wachache, kwa kuwa hapana daftari la siku za kabla ya msiba la kulinganisha nalo. Kipimo cha kudumu humlinda mvuvi dhidi ya mchafuzi, humlinda mwenye kiwanda asiyekuwa na hatia dhidi ya tuhuma, na humwonya mfugaji wa vizimba kabla ya dhoruba.

Muhtasari

Tumeona kwamba Ziwa Victoria lina kina kidogo na huhifadhi sehemu kubwa ya kinachoingia. Kwamba tangu miaka ya 1920 limeendelea kurutubishwa hata maji yake ya chini yakapoteza pumzi. Na kwamba samaki wake hudhurika kwa kukosa oksijeni, kwa amonia, kwa tope, kwa sumu za mwani na za binadamu, na aghalabu kwa udhaifu wa polepole usioonekana kuliko kwa mauti ya ghafla yanayotangazwa. Kauli ya sumu ni ya kweli mahali pengine na si ya kweli kila mahali. Kauli ya upepo ni ya kweli kuhusu saa ya kifo na ni pungufu kuhusu sababu yake. Kauli ya rutuba ndiyo yenye kuyabeba mengi zaidi, ila yahitaji kutaja kwa majina mitaro, mashamba, mifugo na mioto inayohusika. Kwa hiyo rai ya makala haya ni kwamba fosforasi ipunguzwe kuanzia maji taka ya miji, ambayo yana mwenyewe na yaweza kuzuiwa. Kwamba mafunjo yalindwe pamoja na haki za wanaoyategemea. Kwamba vizimba vigawiwe kwa kadiri ya uwezo wa kila ghuba. Na kwamba vipimo vifanywe daima na vitangazwe wazi. Hapo ndipo, samaki watakapokufa tena, nchi hizi zitaweza kujua kwa ithibati ni nani wa kulaumiwa na ni kipi cha kurekebishwa.